Kazi ina miezi mitatu, upasuaji ni Januari: nimwambie mwajiri?

BARUA

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Igoma hapa Mwanza. Nimehangaika na vibarua muda mrefu, mpaka tarehe 1 Septemba nilipopata ajira kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Niko kitengo cha ubora. Napima joto la minofu, nakagua kama kuna mwiba au ngozi iliyobaki, na najaza fomu ya kila mzigo kabla haujaingia chumba cha baridi. Mkataba ni wa mwaka mmoja na miezi 6 ya mwanzo ni ya majaribio. Mshahara ni shilingi 520,000. Tangu baba watoto alipoondoka, hii ndiyo mara ya kwanza nalipa kodi ya nyumba bila kukopa.

Anti, nina uvimbe kwenye kizazi. Niligundua mwezi Juni baada ya kupigwa ultrasaundi: vimbe ziko tatu, kubwa ina sentimita 8. Siku zangu zinakwenda mpaka 9 au 10, na tatu za mwanzo natoka mabonge. Kazini tunavaa meupe kuanzia kofia hadi suruali, kwa hiyo siku hizo navaa pedi mbili na kaptura nyeusi ndani, na kila nikisimama kwenye meza nahisi watu wote wananitazama mgongoni. Wakati mwingine tunasaidiana kubeba kreti za minofu, nikiinua naona nyota. Oktoba nilipimwa wingi wa damu ikaonekana 8.2. Daktari pale Bugando amenipa vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya upasuaji, 20 Januari. Amesema watafungua tumbo, watatoa vimbe, kizazi kitabaki, na nipumzike wiki 6.

Kazini hajui mtu. Kwenye usaili hawakuniuliza habari za afya, ila mwezi Agosti nilijaza fomu iliyouliza kama nina ugonjwa sugu au wa kuambukiza, nami nikaweka alama kwenye "hapana". Sasa silali. Najiona kama niliingia kazini kwa uongo.

Msimamizi wangu si mtu mbaya, lakini kwa mahudhurio ni mkali. Kuna binti wa meza za kukatia minofu aliugua wiki mbili, hakuonekana tena. Wengine wanasema alifukuzwa, wengine wanasema aliacha mwenyewe. Tena ameshatangaza kwamba Januari kuna ukaguzi wa wateja wa nje na ruhusa hazitatoka.

Wifi yangu ananishauri niseme nimefiwa Sengerema, kisha niongeze siku nikiwa huko huko. Rafiki yangu anasema ninyamaze, siku ikifika nilazwe, halafu nimtume mtu apeleke karatasi. Mama mzazi anataka niahirishe mpaka nithibitishwe kazini. Akiba yangu ya kikoba ni 600,000.

Nimwambie mwajiri, Anti? Kama ndiyo, lini, na nimwambie nini?

Mama Wawili, Igoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kusimama zamu nzima kwenye sakafu yenye maji, ndani ya nguo nyeupe, huku damu inakutoka namna hiyo, ni mzigo mkubwa, na umeubeba peke yako miezi mitatu bila kukosea fomu hata moja. Kabla ya yote nataka ulione hilo.

Barua yako inauliza swali moja, lakini ndani yake naona mambo mawili yamefungwa kamba moja. Kuna ugonjwa, na kuna wiki 6 ambazo hutakuwepo. Ugonjwa ni wako. Kizazi chako, sentimita 8, mabonge, hayo hayamhusu msimamizi wa zamu na huna deni la kumsimulia. Wiki 6 ndizo zinazomhusu, kwa sababu lazima atafute mtu wa kushika kipimajoto na kujaza fomu zako. Ukiyatenganisha hayo mawili, huenda swali la "nimwambie?" likapungua ukali, kwa kuwa unaweza kusema la pili bila kulifungua la kwanza.

Tuanze na hiyo fomu, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Unasema uliingia kwa uongo. Hebu tuangalie ulijua nini, lini. Agosti ulijua una vimbe, ila hukuwa na tarehe ya upasuaji. Hiyo umeipata Oktoba. Swali liliuliza ugonjwa sugu au wa kuambukiza. Uvimbe wa kizazi hauambukizi, na hilo ndilo jambo kubwa kwa kiwanda cha chakula: wanapowapima wanaoshika minofu wanatafuta homa ya matumbo, vimelea vya tumbo, kifua kikuu, vidonda vya ngozi. Je, ni ugonjwa sugu? Hapo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kutofautiana, na mimi sitakuhukumu. Ila maneno yenyewe ya fomu yana uzito. "Una ugonjwa sugu" ni tofauti na "una hali yoyote ya kiafya" au "unatarajia matibabu yoyote". Omba nakala ya fomu yako, pamoja na ya mkataba, usitegemee kumbukumbu. Kisha ukiulizwa leo moja kwa moja, jibu ukweli wa leo. Jibu la Agosti linaweza kuelezwa; jibu la uongo la Desemba, ukiwa na tarehe ya hospitali mkobani, ni gumu zaidi kulitetea.

Sasa sheria, na hapa nakuomba usome polepole. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ukileta cheti cha daktari. Wengi wanaishia hapo na kufurahi. Lakini sehemu hiyo hiyo inasema aliye na chini ya miezi 6 kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Wewe ulianza 1 Septemba, miezi 6 inatimia mwisho wa Februari. Tarehe 20 Januari inakukuta umebakiza takriban siku 40. Kwa maana nyingine, ukilazwa siku hiyo, kiwanda hakilazimiki kisheria kukulipa. Ukilazwa wiki ya kwanza ya Machi ukiwa bado na ajira, wiki zako 6, ambazo ni siku 42, zinaenea zote ndani ya zile 63 za mshahara kamili.

Kuna mlango mdogo ambao usiupite bila kuugusa. Sheria inawatoa kwenye katazo hilo wafanyakazi wa msimu, pia mtu aliyefanya kazi kwa mwajiri yule yule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, ikiwa jumla ya muda wake imezidi miezi 6. Umesema ulikuwa kwenye vibarua. Je, vingine vilikuwa kiwandani humo humo? Kama ndiyo, hesabu miezi na utafute karatasi za malipo. Soma pia mkataba wako, na kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, uliza kuhusu mkataba wa hali bora, yaani makubaliano kati ya chama na mwajiri. Mwajiri anaruhusiwa kutoa zaidi ya kiwango cha sheria.

Mstari huo wa miezi 6 unagusa pia kuachishwa. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mtu ambaye hajafikisha miezi 6. Sikuambii haya kukutisha. Hata sasa hauko uchi kabisa: kwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, baada ya mwezi wa kwanza, notisi ni siku 28 au malipo yake, na katazo la ubaguzi linamlinda mfanyakazi hata akiwa kwenye majaribio. Katazo hilo linataja ujauzito, ulemavu na VVU miongoni mwa mambo mengine. Uvimbe hautajwi kwa jina. Nautaja ujauzito kwa sababu tumbo la vimbe hufanana na mimba ya mwanzo, na kiwandani watu wanaweza kuanza kunong'ona. Mtu akikunyima kitu kwa kudhani una mimba, hilo nalo si halali.

Kwa hiyo swali ambalo hukuniuliza, na ambalo nadhani linatangulia yote, ni la daktari: je, 20 Januari ni lazima? Mama yako amelisema kwa lugha yake ya uzazi, nawe umelipokea kama woga wa mtu mzima. Lakini ana hoja, nusu yake. Nusu ya pili ni hiyo 8.2. Upasuaji wa kutoa vimbe hupoteza damu, na wapasuaji wengi hupenda mgonjwa aingie akiwa na 10 au zaidi. Kwa vidonge vya madini ya chuma, damu hupanda kama 1 kwa wiki mbili au tatu ikiwa haimwagiki. Yako inamwagika kila mwezi. Inawezekana kabisa ukafika Januari uko 9 na tarehe ikasogezwa bila wewe kuomba. Kwa upande mwingine, kuahirisha bila kuzuia damu ni kuchota maji kwa tenga: unaweza kufika Machi ukiwa chini zaidi, au ukaanguka sakafuni kati ya visu na kreti. Basi nenda kliniki katikati ya Desemba, omba kipimo kirudiwe, na uulize mambo matatu kwa maneno haya haya. Nikisubiri hadi Machi nahatarisha nini? Kuna dawa ya kupunguza damu ya hedhi ninayoweza kutumia wakati nasubiri? Mtahitaji ndugu wangapi wa kuchangia damu? Akisema haifai kusubiri, hilo limekwisha, mwanangu, na siku 40 za mshahara hazina nguvu tena juu yake.

Vidonge vyenyewe, wengi huviua kwa chai. Meza kwa maji na chungwa au limau, chai na maziwa vikae mbali kwa muda wa saa mbili. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni madini. Dagaa na maini kula, ila chakula peke yake hakiwezi kukimbizana na hedhi ya siku 10.

Kipimo hicho cha Desemba kinagusa pia swali lako la "lini". Ukisema leo, unampa kiwanda muda mrefu wa kujipanga kabla ya ukaguzi, na unalala usingizi. Hatari yake ni kwamba unasema ukiwa na miezi mitatu ya majaribio mbele yako, na tarehe yenyewe inaweza kuhama mara mbili. Mtu anayebadilisha tarehe kila mara huanza kuonekana hana uhakika hata kama kosa si lake. Ukisema baada ya kipimo, mwishoni mwa Desemba, una habari thabiti na barua ya daktari mkononi, lakini unabakiza wiki tatu nne tu, tena katikati ya sikukuu. Ukingoja mpaka ufikishe miezi 6, sheria inakukinga zaidi, ikiwa mwili unaruhusu na ikiwa utathibitishwa. Kuna jambo jingine hapa: wiki 6 kuanzia 20 Januari zinaishia mwanzoni mwa Machi. Maana yake utakuwa haupo katika wiki zile zile ambazo mtu ameketi kuamua kama unafaa. Kanuni zinaruhusu majaribio kuongezwa baada ya kushauriana na mfanyakazi, yasizidi miezi 12. Unaweza kuliomba wewe mwenyewe. Wengine huona hilo ni kujishusha. Mimi naliona ni njia ya kuwapa nafasi ya kukupima kwa kazi yako badala ya kitanda chako, ingawa kwa upande wako ni kuongeza miezi ya wasiwasi.

Wifi yako anakupenda, lakini msiba wa uongo ni mbaya kuliko yote. Unajua wenzako watafanya nini wakisikia umefiwa. Watapitisha daftari, watakusanya rambirambi, na wawili watateuliwa kuvuka daraja hadi Sengerema kukuhani. Tena siku za msiba hazifiki wiki 6. Na utarudi na kovu la tumboni, hauwezi kuinua kreti, bila karatasi ya kukutetea, kwa kuwa hukuwa mgonjwa, ulikuwa msibani. Shauri la rafiki yako lina unafuu kidogo: karatasi itakuwa ya kweli. Shida ni tarehe. Kwenye barua za hospitali mara nyingi huonekana kwamba upasuaji ulipangwa tangu Oktoba. Msimamizi akiliona hilo katikati ya ukaguzi, atakachokumbuka ni kwamba ulijua ukanyamaza.

Na yule binti wa meza za minofu? Umesema mwenyewe kwamba hakuna anayejua. Huenda alifukuzwa, huenda alipata kazi nyingine, huenda hakupeleka cheti. Umeijaza nafasi hiyo tupu kwa hofu yako, na si ajabu, ila usiifanye ushahidi. Je, kuna mtu kiwandani aliyewahi kujifungua au kufanyiwa upasuaji akarudi? Mtafute taratibu umuulize alianzia kwa nani.

Ukiamua kusema, mimi ningeangalia afisa rasilimali watu kabla ya msimamizi wa zamu, maana ofisini kuna faili na kwenye zamu kuna masikio. Peleka barua ya karatasi, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Ujumbe wa simu unapotea, tena unasambazwa. Maneno yanaweza kuwa mafupi: "Nimepangiwa upasuaji hospitali, kati ya tarehe 20 Januari na mapema Machi. Hauhusiani na ugonjwa wa kuambukiza. Nitahitaji mapumziko ya wiki 6 na daktari atatoa cheti. Naomba tukae tupange nani atashika kazi zangu, na nipate maelezo ya maandishi kuhusu malipo ya kipindi hicho." Muombe daktari naye aandike hivyo hivyo: upasuaji, muda, na masharti ya kurudi, bila jina la ugonjwa. Wakikubana "unaumwa nini hasa?", unaweza kujibu kwa upole kwamba daktari ameandika kinachohusu kazi. Wapo wanaoona ni nafuu kulitaja tu ili minong'ono iishe. Hilo utalipima wewe, unawajua watu wako.

Kuna kitu kimoja ambacho kwa kweli sioni kama kinaweza kungoja Januari, nacho ni kreti. Ukiwa na 8.2 na unaona nyota, unaweza kuomba wiki hii kutoinua mizigo kwa muda, hata kwa barua fupi ya kliniki, bila kutaja upasuaji.

Fedha tuzihesabu wazi. Wiki 6 bila mshahara ni karibu 720,000. Akiba yako ni 600,000. Pengo ni 120,000, na hapo sijaweka nauli wala dawa. Kikoba chako kama kina mfuko wa jamii, uliza mapema kiasi cha mgonjwa na masharti yake. Kama una kadi ya bima kupitia kiwanda, nenda dirisha la bima la hospitali uulize kama upasuaji huu umo na kama unahitaji kibali cha awali. Ukumbuke kadi hiyo inasimama na ajira, kwa hiyo ajira ikikatika kabla ya upasuaji, hesabu yote inabadilika. Kama kuna utata kuhusu haki zako, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina ofisi hapa Mwanza. Kwenda kuuliza si kushitaki. Ikitokea ukaachishwa na ukaona umeonewa, muda wa kufungua mgogoro wa kuachishwa ni siku 30, usiuache upite ukiwa bado unauguza kidonda.

Usikubali mtu akuambie wiki mbili zinatosha kwa sababu kidonda cha nje kimefunga. Ukuta wa tumbo unashonwa kwa tabaka, na la ndani linachelewa kupona. Kwa wiki 6 chochote kinachozidi kilo 4 au 5 ni kizito, na hiyo ni ndoo ndogo ya maji, achilia mbali kreti. Anayeharakisha anaweza kupata ngiri kwenye kovu na kurudi tena kitandani. Tembea taratibu kila siku kuanzia hospitalini ili damu isigande miguuni. Homa, usaha, kidonda kunuka, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Ukirudi kazini uwe na karatasi ya kazi nyepesi ya wiki mbili hivi: lebo, kumbukumbu za joto, mezani na si kwenye mizigo. Bahati nzuri kitengo chako kina kazi za namna hiyo, na hilo liandike kwenye barua yako, maana linamwonyesha mwajiri mahali utakapokaa.

Na mama aje siku mbili kabla ya kulazwa, asije siku ile ile. Kama anatokea upande wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hasubiri tena kivuko, lakini watoto wanahitaji kumzoea jikoni kabla wewe hujaondoka.

Ukishapata nakala ya ile fomu ya Agosti na majibu ya kipimo cha Desemba, niandikie tena. Neno moja kwenye fomu, au namba moja kwenye kipimo, linaweza kunifanya nikujibu tofauti.

Anti